Swali la Bi Asya Kuhusu Damu ya Ndugu Wawili

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Asya Mmanga Khatib anastaafu katika maabara ya damu ya hospitali yetu tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa kuosha vioo, akaenda kusomea ufundi wa maabara, akarudi kwenye meza ileile ya dirishani. Alikuja kwa miguu kutoka Madungu, na aliyeingia baada yake alijua kachelewa. Watoto walimpa mkono wa sindano bila ya kulia. Chai yake ya tangawizi ilikuwa kali hata daktari mmoja mgeni akauliza kama ni dawa ya kifua.

Mwaka 2009 aliletewa damu ya ndugu wawili wa Makangale, Mbarouk na mdogo wake Nusaiba, wote wana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Nusaiba hakupitisha miezi miwili bila kulazwa kwa maumivu ya mifupa. Mbarouk alikuwa akipanda mikarafuu kuchuma, na hajapata kulazwa hata mara moja. Bi Asya akarudia vipimo, akaona damu ya Mbarouk imejaa himoglobini ya utotoni, ile ambayo mwili huacha kuitengeneza mtoto akishazaliwa, nayo ndiyo iliyomkinga na maumivu.

Alisoma kila alichokipata, kisha akatueleza kwa kipande cha ukili, ule msuko mrefu wa kushonea mikeka. Jeni zimo kwenye uzi mrefu, na swichi ya kuiwasha jeni huenda iko mbali nayo. Uzi ukijikunja, vitu viwili hivyo hukutana. Mtoto akikua, mkunjo huiacha jeni ya utotoni ukahamia kwenye jeni ya ukubwani. Kwa Mbarouk, alidhani, haukuhama. Atakayelielewa umbo hilo, alisema, huenda siku moja akamsaidia Nusaiba.

Akaandika barua kuomba damu yao ipelekwe kuchunguzwa ng'ambo. Mkuu wa maabara aliisoma akiwa amesimama.

"Bi Asya, sisi kazi yetu kupima, si kuuliza," alimwambia.

Bi Asya akarudi mezani kwake. Nusaiba alifariki mwaka 2014, akiwa na miaka kumi na tisa. Bi Asya alikwenda msibani Makangale, na kesho yake akawahi kazini kama kawaida.

Mwaka juzi walikuja watafiti na picha za uzi huo ulivyojikunja. Walisema tiba ya kuiamsha jeni ya utotoni imeshaanza kutolewa nchi za mbali, wakauliza kama tunaijua familia yenye damu ya namna ile. Mbarouk alikuwa ameshahamia bara, na hakuna aliyejua wapi.

Mkuu yule wa maabara ndiye anayeandika wasifu huu. Wiki iliyopita nilimwendea Bi Asya kumwomba radhi, naye akiifuta hadubini.

"Hata mimi ningeliweza kuuliza mara ya pili, Bwana Talib," alisema. "Nikanyamaza. Tumekosa sote."

Hapo tu ndipo nisipokubaliana naye. Yeye aliuliza. Aliyekataa kusikiliza ni mimi.

Bi Asya, ahsante kwa miaka yote hii. Mola akupe afya, utulivu, na wajukuu wenye maswali mengi. Ukitukumbuka, tukumbuke kwa msamaha.

Talib Vuai
Mkuu wa Maabara