Maisha ya Mdogo Wangu, Karani wa Ajali

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyie wa ofisini mliosimama huko nyuma ilhali viti vipo, familia imenituma mimi, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yalivyokuwa, kwa sababu marehemu mwenyewe hakupenda kitu kilichotiwa chumvi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, katika chumba cha nyuma ya kibanda cha baba yetu, aliyekuwa fundi saa, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba, alitanguliza miguu, mkunga akasema huyu atakuwa mbishi, na mkunga yule hakukosea. Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 akamaliza la saba mwaka 1970, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1974, hesabu aliongoza, kwaya alifukuzwa, na baada ya mafunzo ya ukarani aliajiriwa tarehe 1 Februari 1978 katika ofisi ya usalama barabarani, akiwa karani wa takwimu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minane bila kuhamishwa dawati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, taarifa za ajali zilitoka vituo vya polisi katika bahasha za kaki, yeye anazifungua, anatenga waliokufa huku, walioumia kule, anajumlisha, na kila mwanzo wa mwaka hesabu yake inasomwa redioni kwamba idadi ya ajali imepungua. Mtaani kwetu watu walikuwa wanazika, wanarudi nyumbani, wanafungua redio, wanaambiwa imepungua, ndipo akapewa jina la Mzee Imepungua, hata watoto wakimwamkia walisema shikamoo Mzee Imepungua, naye anaitikia marahaba, maana aliamini. Alikuwa akisema tarakimu haina shangazi, yaani haimpendelei mtu, na ukimbishia anakuuliza wewe umehesabu wangapi, ukimtajia watatu unaowajua anakwambia watatu si takwimu, hao ni jamaa zako.

Tarehe 17 Septemba 1983 alifunga ndoa na muuza vitambaa, mwanamke wa vicheko, aliyemchekea mpaka naye akajifunza kucheka kidogo, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume mwaka 1986, ambaye yuko ng'ambo kikazi na hakupata ndege, anatusikiliza kwenye simu hiyo iliyoegemezwa kwenye jagi, kwa hiyo naomba msiisogeze. Shemeji yangu alifariki kwa sukari tarehe 22 Aprili 2009, na vicheko vikaondoka naye.

Sasa nafika mahali ambapo nimeombwa nipite haraka, lakini miguu yangu ni ya uzee, siwezi haraka. Mwezi Mei mwaka 2013, mtoto wa mama fundi cherehani wa mtaa wetu, binti wa miaka tisa, aligongwa na gari akivuka barabara kuu mbele ya duka la mikate, akalazwa, akafa wiki ya saba. Majirani wakaomba matuta mahali pale, ofisi ikajibu kwamba kwa mujibu wa takwimu barabara hiyo haikuwa na kifo hata kimoja mwaka ule, kwa hiyo si ya hatari, na fundi cherehani akaja na barua ya majibu hadi barazani kwa marehemu, futi ya kupimia bado iko shingoni, akamwuliza, Mzee, mwanangu yuko wapi humu. Marehemu akamweleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto, kwamba kanuni inamhesabu kuwa ameuawa na barabara yule anayekufa ndani ya siku thelathini, binti alipita siku, kwa hiyo yumo, ila yumo kwa majeruhi. Yule mama akamwambia, sawa, kama mwanangu ni majeruhi niambie anapona lini.

Majirani wakamwaga wenyewe mawe na udongo pale, ofisi ikaleta greda likafagia kwa madai kwamba tuta halina kibali, na marehemu alipoulizwa akasema kibali ni kibali, na tangu hapo hakuna aliyegombana naye tena, bora wangegombana. Wazee wa drafti kwenye baraza la kinyozi wakimwona anakuja wanakusanya kete, wamechoka, eti, saa nne asubuhi wamechoka, muuza duka anampa mkate na chenji bila neno, salamu ikabaki ya watoto, nao wakakua. Alistaafu tarehe 9 Agosti 2016, akabaki na nyumba ya vyumba vitatu anayolala kimoja, nikija kumtazama namkuta barazani anacheza drafti peke yake, siku moja nikamwuliza nani anashinda, akasema mweusi, ila mwekundu ni mbishi. Nilimwambia ahamie kwangu, akasema kwangu kuna kelele, na kwangu naishi mimi na kuku.

Tarehe 3 Juni mwaka huu, asubuhi kweupe, marehemu aligongwa na pikapu iliyobeba matofali, akivuka mbele ya duka lile lile la mikate, akavunjika nyonga na mbavu, akalazwa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Wiki za mwanzo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na kila asubuhi kabla hajaniambia kama amelala au hakulala, aliniuliza leo tarehe ngapi, nikadhani ni pensheni, nikamwambia tulia, pesa haina miguu. Fundi cherehani alikuja tarehe 2 Julai, sikumtegemea, akasimama miguuni pa kitanda, akamwita kwa jina lake la utani kama amri, Imepungua, unaendeleaje, naye akamwuliza leo tarehe ngapi, akaambiwa, akasema, basi kesho napita.

Mimi sikuelewa, yule mama alielewa papo hapo, akavuta kiti, akamnyooshea shuka, akakaa hadi kengele ya kuwatoa wageni. Ndipo marehemu akanieleza kwamba akifa kabla kesho haijaisha ataingia kwenye waliokufa, barabara itakuwa na kifo, na ofisi haitakuwa na la kusema kuhusu matuta. Nikamwambia acha upuuzi, mtu hafi kwa tarehe ya serikali. Hakusema alikosea, na msije mkamlisha maneno huko mbele, alichosema ni kwamba mwaka mzima wanahitaji mmoja tu, na yeye hana anayemngojea nyumbani. Tarehe 3 Julai ikafika, jua likazama, tarehe 4 asubuhi muuguzi akapiga makofi, babu umevuka mwezi, hongera, wodi nzima ikachangamka, marehemu akageukia ukutani na siku ile hakula.

Akaniomba nimwitie mkuu wake wa zamani, akaja na juisi, nasema mbele yake maana nimemwona, marehemu akamwuliza, mnaweza kuniongeza, mkuu akacheka akidhani ni homa, akasema, Mzee wetu, kanuni ya siku thelathini umetufundisha wewe. Marehemu akasema ni kweli, na tangu siku ile hakuuliza tarehe. Alifariki tarehe 11 Julai, alfajiri, nikiwa nimemshika kisigino maana mikono ilikuwa na mirija, na hati imeandikwa nimonia.

Jana nililetewa karatasi kutoka ofisini, imepigwa chapa vizuri, ili hapa nisome kwamba marehemu alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sitaisoma. Mdogo wangu hakuugua, alikuwa anakwenda kununua mkate.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa aliyempigia makofi, kwa kuwa alifanya kwa wema. Tunawashukuru majirani, mliokuja wodini na mliokuja leo tu, leo nayo ni siku, na fundi cherehani aliyemshonea sanda na hakutaka kusikia habari ya ujira. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake kwa gari na kwa shada la maua, na kwa kuwa nyie hamna mahali pa kumwandika, basi sikilizeni namna sisi wa nyumbani tulivyomwandika, mlisikie neno hili mkiwa mmesimama: aliuawa na barabara, mbele ya duka la mikate, tarehe 3 Juni, akachelewa kufa.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, huko uliko hakuna anayekuhesabia siku.