Baba Asiyetaka Kukaa

Asubuhi hiyo, ndani ya basi la kwenda mji wa Featherstone, nilimkuta mwanamume amelala chali kwenye kiti kirefu cha nyuma, amekijaza chote kwa kunyoosha mikono na miguu. Bibi mwenye mkongojo alikuwa amesimama mbele yake. "Amka, kijana, nikae. Umelewa?"

"Sijalewa, mama. Naenda kupimwa urefu." Akaeleza bila kuinua kichwa: binti yake Tamsin, wa miaka kumi na mitatu, anataka kuingia shule ya vipaji ya klabu ya raga, na makocha huwapima wazazi ili wajue mtoto atakomea kimo gani. "Mtu akikaa, uti wa mgongo unabonyea. Unapoteza nusu inchi! Nimelala tangu jana mchana."

"Na kituoni ulifikaje?"

"Shemeji alinileta kwa toroli."

Mimi nilikuwa nimekaa wima, nikizidi kufupika bure.

"Marehemu mume wangu alikuwa mfupi kama pipa," bibi akasema, "na majitu ya raga yalimkimbia uwanjani miaka kumi."

"Enzi zenu walipima moyo, mama. Siku hizi wanapima baba."

"Si apimwe mama wa binti?"

"Mke wangu ananifika kwapani. Mimi ndiye mrefu wetu."

Bibi akamtazama kuanzia utosini hadi vidoleni. Safari hiyo ya macho ilikuwa fupi.

Basi likasimama mbele ya uwanja. "Dereva, inamisha basi," baba akaomba, "nisije nikaruka." Akashuka taratibu kama amebeba trei ya mayai kichwani.

Bibi akakimbilia mlangoni na mkongojo wake. "Shingo, mwanangu! Nyoosha shingo!"