Fundi Andongwisye Kibona na Maji ya Ivuna

Mungu Baba, ajuaye yaliyofichika ndani ya vitu na ndani ya watu, ahimidiwe. Wazee wa Baraza, watumishi wa misheni, akina mama, na jamaa mliofika kutoka Ileje, Igamba na Tunduma, nawasalimu kwa amani ya Bwana.

Leo, tarehe 29 Septemba 1956, Fundi Andongwisye Kibona anaweka spana chini baada ya miaka ishirini na saba katika karakana yetu. Alifika mwaka 1929 akitokea milima ya Ileje, akaanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Haikupita miaka sita akawa ndiye anayefungua injini na kuifunga bila kubakiza hata nati moja mezani.

Lori la misheni lilikuwa limezeeka kabla halijatufikia. Fundi alitambua maradhi yake kwa kutega sikio kwenye mpini wa nyundo, ncha ya pili ikigusa injini. Siku moja Mama Ketrina, aliyepanda na kuku wake, alimwuliza, "Wewe Fundi, unaagua gari kama mganga?" Akajibu bila kuinua kichwa, "Mganga angekwisha kudai kuku, mama. Mimi naomba kimya tu." Abiria wote wakacheka, kisha wakanyamaza, naye akaisikia valvu iliyokuwa ikigonga.

Sasa naandika lililo zito. Agosti 1943 lori lilitumwa Ivuna kuchukua chumvi, nami, Osea Simbeye, mzee wa kanisa, nilikuwa msimamizi wa safari. Fundi alipakia madebe mawili ya maji ya mto kwa ajili ya rejeta inayopoza injini, akaagiza kwamba maji ya Ivuna, yaliyojaa chumvi, yasiguse injini. Tulipofika huko niliyamwaga, nikayaacha madebe, ili magunia mawili zaidi yapate nafasi. Hatujaenda mbali rejeta ikachemka. Dereva wetu, Damiano, alisema, "Mzee, Fundi alikataza." Nikamwambia, "Maji ni maji, mwanangu. Tia." Akachota katika kisima cha wachemsha chumvi. Nyumbani sikusema neno, na mwezi uleule Damiano akaenda kutafuta kazi migodini, ng'ambo ya mpaka.

Oktoba injini ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe. Oili ikawa kama uji wa maziwa. Fundi alipofungua kifuniko cha silinda alikuta chuma kimeliwa vishimo na gasketi imeoza, maji yakipenya ndani. Akachukua plagi iliyolowa, akailamba. Kisha akanitazama, akauliza taratibu, "Mzee Osea, lilikunywa maji ya wapi?"

Nikajibu, "Sijui."

Baraza liliandika "uzembe wa fundi" katika kitabu cha Baraza, likamvua usimamizi wa karakana. Hakujitetea. Ilikuwa wakati wa vita na vipuri havikupatikana. Akaagiza bamba la shaba kwa shemeji yake wa Nakonde, na lori likasimama injini wazi siku kumi na tisa. Siku ya kumi na moja mkewe, Tusekile, alishikwa na uchungu, mtoto akakataa kutoka. Kwa lori angefika hospitali kwa muda wa saa mbili. Wanaume wanne walimbeba kwa machela tangu alfajiri hadi saa tisa mchana, wakarudi na maiti mbili.

Fundi alizika, akakaa matanga, kisha akarudi karakana. Aliviziba vishimo kwa shaba, akapiga tupa hadi pakawa sawa, akakata gasketi kwa mkasi, akaifunga injini. Ilitembea miaka minane zaidi. Wagonjwa waliofika salama kwa kazi ile, Mungu amewahesabu.

Juma lililopita nilikwenda kwake nikamwambia yote. Alinipa kigoda, akasema, "Mzee, nilijua siku ile nilipoilamba. Nilikuwa nangoja useme." Kisha akanipa maji ya kunywa.

Kwa ombi langu Baraza limefuta maneno yale na kuandika jina langu mahali pake. Nami nimeuacha uzee wa kanisa. Hayo hayamrudishi Tusekile, wala mtoto ambaye hakupewa jina.

Fundi Andongwisye, twakushukuru kwa kazi ya mikono yako na kwa uvumilivu tusioustahili. Rudi Ileje kwa heri. Shamba lako lizae, na jina lako litajwe bila doa. Nawe usomaye, Mungu akubariki pamoja na nyumba yako yote, wala asiruhusu mtu yeyote angoje neno la kweli kutoka kinywani mwako miaka kumi na mitatu.

Osea Simbeye