Jotham Mwadime Mghanga na Bao la Voi

“Shangazi, hilo halisomwi kanisani,” Allan alisema, akanirudishia karatasi.

“Basi hakuna kitakachosomwa,” nikamwambia. “Mtaimba tu, kuanzia mwanzo hadi kaburini.”

Ilikuwa Jumapili tarehe 23 Novemba 2025, saa nane mchana, mezani kwa marehemu hapa Peckham, London. Allan, mwanawe wa kwanza, alitaka chini ya picha yaandikwe maneno haya: Bingwa wa Taifa wa Vyuo, 1974. Daisy, binti ya Allan, ndiye aliyekuwa akiupiga chapa wasifu, naye alitaka mwaka huo urukwe kabisa, watu wazike bila makelele. Mimi nilitaka yaandikwe yaliyotokea. Mimi ni Teresia, dada yake marehemu. Nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na darasani sikuingia hata siku moja. Herufi alinifundisha yeye. Mkono unaoandika haya aliufundisha yeye.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, kijijini Mgange, Taita, mtoto wa tano na wa mwisho wa Mzee Mghanga na Mama Mkamburi. Asubuhi hiyo tembo alipanda mlima kutoka Tsavo, akasimama nyuma ya jiko letu mpaka mtoto alipolia, kisha akateremka polepole bila kukanyaga hata shina moja la maharagwe. Daisy ameniuliza kama ni kweli. Tembo nimemwongeza. Wengi wenu mnanijua, mnajua kwamba huongeza, na hilo ndilo linalonitisha. Mbele kidogo nitasema jambo ambalo sikuliongeza, nanyi mtacheka.

Alianza shule ya misheni mwezi Januari 1961. Jioni alirudi na kipande cha chaki mfukoni, akageuza sufuria juu chini, akaniandikia a, e, i kwenye masizi. Mama akiibandika jikoni, somo linaungua, kesho tunaanza upya. Nilichukua miaka miwili kufika kwenye jina langu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1971, na Januari 1973 akaingia Chuo cha Ualimu cha Ndighiri, ambako alipata cheti chake Desemba 1974. Huko alicheza mpira winga ya kushoto, jezi namba kumi na moja. Mpira nauacha hapo kwanza. Nitaurudia nikipata moyo.

Alifundisha shule za msingi za Taita na Mombasa kwa miaka kumi na tano. Hakumpiga mwanafunzi hata mmoja, na hakuna aliyemsahau. Tarehe 3 Septemba 1990 alifika London pamoja na mkewe, aliyekuwa amepata kazi ya uuguzi. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika ghala la mizigo huko Hayes, karibu na uwanja wa ndege, kuanzia 1991 hadi alipostaafu mwaka 2018. Wenzake ghalani walimwita Mwalimu, wakiwemo wasiojua maana ya neno hilo. Jumamosi asubuhi alifundisha Kiswahili watoto wa kanisa letu, na Daisy alikuwa mmoja wao. Anaelewa kila kitu na anajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo maneno yake yaliyomo humu nimeyageuza mimi kuwa Kiswahili.

Alifunga ndoa na Dorcas Wakesho mjini Wundanyi, Jumamosi tarehe 8 Desemba 1979. Ndani ya viatu vyeusi vya harusi alivaa soksi za timu ya chuo, nyekundu kwa nyeupe. Walipopiga magoti mbele ya kasisi suruali ikapanda, soksi zikaonekana, na Dorcas akacheka mpaka kasisi akafunga kitabu na kusubiri. “Ni soksi za ubingwa,” ndugu yangu alimnong’oneza kasisi. Mimi nilikuwa benchi la pili. Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Dorcas alitutangulia mwaka 2016, na marehemu atalazwa kando yake.

Mwaka 1998 aliingia duka moja huko Tooting kununua unga wa mahindi. Mwenye duka alimtazama, akaweka mzani chini. “Wewe ni namba kumi na moja wa Ndighiri,” akasema kwa Kiswahili cha Mombasa. Huyo ndiye Pradip, aliyekuwa golikipa wa Chuo cha Ufundi cha Bandarini. Tangu siku hiyo walionana kila Jumamosi nyuma ya kaunta, kwa chai, wakagombana. Marehemu alivaa kofia yake iliyotariziwa Bingwa 1974. Pradip alikuwa ametundika ukutani, ndani ya fremu, barua inayosema bingwa ni Bandarini.

“Bingwa amekuja kununua unga,” Pradip alikuwa akisema.

“Bingwa hanunui. Bingwa hupewa.”

“Kweli, nyinyi ni watu wa kupewa. Hata bao mlipewa.”

Hayo nilisimuliwa. Mimi nilikuja London kuishi nao mwaka 2006, na Tooting sijakanyaga mpaka leo. Nilisema basi la huko linanitia kizunguzungu. Nilisema nimeota chui amelala mlangoni mwa lile duka. Pradip alipokuja hapa nyumbani kwenye mazishi ya Dorcas, nilijifungia bafuni saa tatu nzima, nikasema ni jino. Marehemu alidhani dada yake hapendi Wahindi, akanisema sana. Nikakubali kusemwa.

Sasa Voi. Fainali ilichezwa Jumamosi tarehe 19 Oktoba 1974, Ndighiri na Bandarini. Siku iliyotangulia niliitwa kutengeneza wavu wa lango la upande wa reli, maana mbuzi walikuwa wameutafuna ubavuni. Ulikuwa wavu wa katani, na kwetu katani ni kazi ya wanawake wa vikapu. Fundi wa nyavu angeziba lile tundu kwa mafundo madogo madogo mengi. Mimi nilijua vikapu. Nilipitisha kamba moja kuzunguka ukingo wa tundu, kama mdomo wa kikapu cha sokoni: ukivuta kamba mdomo unafumba, ukiilegeza unafumbuka. Nikamalizia kwa fundo la kikapu, ambalo huachia ukiligusa tu. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Kesho yake nilikaa nyuma ya lango hilohilo na beseni langu la mihogo. Dakika ya themanini na tatu walikuwa sare, bao moja kwa moja. Jotham alipokea mpira upande wa kushoto, akaupiga kwa nguvu zake zote. Ulipita nje ya mlingoti, upana wa kiganja. Ukagonga wavu ubavuni, pale pale penye kamba yangu. Fundo likaachia, mdomo ukafumbuka, mpira ukaingia kupitia ubavuni ukatulia ndani. Refa alikuwa mbali, anahema. Aliona mpira ndani ya wavu, akapuliza kipenga: bao.

Pradip alikuja mbio huku nyuma, anapiga kelele. “Tundu! Refa, kuna tundu hapa!”

Nilimtazama ndugu yangu. Alikuwa anakimbia mikono imepanuka, na chuo kizima kinamfuata, na mdomo wake umefunguka kama siku aliyoona bahari kwa mara ya kwanza. Kamba ilikuwa imelala kwenye nyasi karibu na mguu wangu. Nikaishika. Nikavuta.

Refa alifika, akaushika wavu kwa mikono miwili, akautikisa. “Tundu liko wapi?”

“Lilikuwa hapa, refa. Naapa lilikuwa hapa.”

“Rudi golini kwako.”

Watu wakamcheka. Nami nikacheka. Kisha mawe yakaanza kurushwa, wachezaji wakashikana mashati, na mechi ikavunjika zikiwa zimebaki dakika saba. Umoja wa vyuo vya ualimu ukaitangaza Ndighiri kuwa bingwa. Kamati ya vyuo vya ufundi ikafuta lile bao, ikahesabu pointi za msimu, ikaitangaza Bandarini. Kila chuo kikapaka ukuta wake maneno yaleyale: Mabingwa wa Taifa 1974. Mwaka mmoja, kombe moja, kuta mbili. Na kwa miaka hamsini na moja Pradip amekuwa yule mtu aliyeona tundu lisilokuwepo.

Figo za marehemu zilianza kuchoka Februari 2022. Alikwenda kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, amevaa kofia yake, na wauguzi wote waliujua ubingwa huo kwa tarehe. Tarehe 4 Novemba mwaka huu alilazwa. Jumatatu tarehe 10, mchana, tulikuwa wawili tu chumbani. Alivua kofia akaiweka juu ya blanketi.

“Dada,” akasema, “wewe ulikaa nyuma ya lango. Ule mpira ulipita wapi?”

Hakuwahi kuniuliza. Miaka yote hiyo, hakuwahi. Aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza daktari.

“Katikati,” nikamwambia. “Ulipita katikati kama mkuki.”

Akaichukua kofia yake, akaivaa tena. “Sawa,” akasema. “Mradi wewe umesema.”

Alifariki Jumatano tarehe 12 Novemba, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na miwili. Tangu hapo silali vizuri. Nikisikia maji kwenye bomba najua ni yeye anauliza tena. Huko aliko sasa hakuna wa kumficha ukweli, ameshaonyeshwa ule mpira na ule mkono kwenye nyasi, na mimi nina miaka sabini na minane, sina muda mrefu kabla hatujaonana. Nitamwambia nini mlangoni?

Daisy alisoma mpaka hapo kwa sauti. Nje basi likapita, vikombe vikatingishika.

“Shangazi,” Allan akasema, “wewe ndiye uliyetuambia simba alipanda treni Voi akashuka Mtito Andei.”

“Alishuka kwa sababu hakuwa na tikiti.”

“Unaona? Na tembo je?”

“Tembo nimeshamkiri.”

“Nitajuaje kama hili nalo hukulitunga?”

“Kwa sababu naliogopa. Ninayotunga siyaogopi.”

Akasimama, akaenda dirishani. Alikuwa amevaa fulana ya baba yake, inamning’inia mabegani. “Baba alikuwa na vitu vichache duniani. Watu wa ghalani watakuja, wamelijua jina hilo la bingwa miaka yote. Unataka kumvua kofia mbele yao, jeneza likiwa pale?”

“Yeye hakudanganya, Allan. Alipiga mpira, refa akasema bao. Aliamini alichoambiwa. Kofia ni yake. Aliyedanganya ni mimi.”

“Basi nyamaza tu!” alisema Daisy. Machozi yalikuwa yanamtoka. “Nyanya, kwani lazima? Turuke huo mwaka. Hakuna atakayeuliza.”

“Pradip atabeba jeneza mbele, upande wa kulia. Babu yako ndiye aliyeagiza. Atakuwa na kitabu hiki cha wasifu mfukoni. Ukiandika bingwa, umemwita mwongo tena, safari hii kanisani. Ukiruka, atajua tumeruka, maana ni mwaka ambao walikaa nao kila Jumamosi. Na mimi nitakuwa nimekaa benchi la mbele nikimwona anambeba.”

“Na ukisoma haya, atafanya nini?” Allan akauliza. “Akiliacha jeneza? Akiondoka?”

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko yote, kwamba ataweka bega chini, na ndugu yangu atainama upande mmoja mbele ya watu.

Daisy alifuta macho, akavuta mashine yake ya kuchapia karibu. “Nani ameachwa?” akauliza. “Tumalize kwanza hiyo sehemu.”

Tukamaliza. Marehemu ameacha watoto wawili, Allan wa hapa London na Ruth wa Leeds. Ameacha wajukuu watatu, Daisy akiwa mkubwa wao. Ameacha dada mmoja, Teresia. Ameacha wanafunzi wa Taita, Mombasa na Peckham ambao hatuwezi kuwahesabu.

“Na rafiki yake Pradip,” nikasema.

“Rafiki?” Allan aliuliza. “Baba alimwita mshindani.”

“Andika rafiki, Daisy. Kisha andika: Mungu amlaze palipo na utulivu, ampe wa kumwambia kweli, na amsamehe dada yake kabla hajafika.”

“Hiyo ya mwisho haiandikwi,” Allan akasema. “Nimesema haiandikwi, Shangazi, watu watatuonaje, watafikiri nyumba hii yote ni ya—”

Hodi ikapigwa, na mlango haukuwa umefungwa. Aliingia Poonam, binti ya Pradip, akiwa na sufuria ya wali iliyofunikwa kwa kitambaa, na nyuma yake baba yake, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, amevaa tai, mkono umeshika ukuta. Aliwasalimia Allan na Daisy. Kisha akaniona mimi.

Nilikiangalia kile kipande cha sakafu kuelekea bafuni. Kilikuwa wazi.

“Endeleeni,” Pradip akasema. “Nilisikia mnazungumza.”

Allan akaweka kiganja juu ya karatasi zangu. Nikauinua mkono wake, kidole kimoja kimoja, nikazisogeza karatasi mpaka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kilichokuwa kitupu. Pradip akakaa. Akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa tai yake, akaivaa.