Vifungo Vitano

Mwanafunzi wa tiba kwa vitendo, ile ya kuwafundisha wagonjwa kujihudumia tena, alipanda treni ya jioni akitabasamu peke yake, na bibi aliyeketi mbele yake akashindwa kuvumilia.

"Mjukuu wangu, umeposwa nini?"

"Hapana, bibi. Mzee ninayemfundisha kwa utafiti wangu leo kafunga shati mwenyewe!"

Akamweleza. Mzee alikuwa amepooza mkono, binti yake akawa anamvisha. Mwanafunzi alimfundisha kwa wiki sita, kifungo kimoja kimoja, huku akiandika yote daftarini. "Leo kafunga vyote vitano, kwa dakika kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Na wewe unamtazama tu mzee wa watu akitoka jasho? Watoto tumewazaa wa nini?"

"Nilikalia mikono, bibi, nisije nikamsaidia. Alipomaliza akamwambia binti yake, 'Kuanzia kesho, mwanangu, ugonge mlango.'"

Behewa zima, lililokuwa likijifanya halisikii, likapiga makofi. Bibi hakupiga.

"Na viatu?"

"Vya kamba. Tunaanza kesho."

Treni ikasimama. Mwanafunzi akashuka kifua mbele, na bibi akachomoza kichwa dirishani: "Mnunulie kandambili!"