Daraja Jipya la Gitaa la Feisal

Aliyemwambia Tabia kwanza ni wifi yake, Dija: mumewe, Feisal, anataka kubadili daraja la gitaa lake la umeme, kile chuma kinachoshikilia nyuzi upande wa mkono wa kulia, na fundi wa Dar amekubali kupokea cherehani badala ya fedha. Cherehani ni ya Tabia. Alasiri hiyo alikuwa akigeuza vitumbua kando ya benchi la kahawa pale Zinga, mtoto mgongoni, kichwa ameinamisha. Feisal alikuwa hajarudi kutoka Dar, lakini habari yake ilishafika kijiweni.

— Daraja bovu ndilo linalofanya nyuzi zikorome, alisema Transfoma, fundi umeme wa zamani. Kutu inakunywa umeme. Sauti inaingia kwenye chuma, haitoki.

— Shikamoo kwanza, mzee wangu, alisema Kocha akifika.

— Marahaba, Kocha. Kaa, usiniharibie hoja.

— Hoja gani? Hiyo ni chumvi. Gitaa limekaa pwani mpaka limekuwa samaki ng'onda! Aweke daraja la shaba, akigusa uzi hapa, Mlingotini wanaamka.

— Acha fiksi, wewe!

— Wanaamka, tena wanacheza!

— Shaba laini hiyo. Achongewe chuma cha reli. Reli imezoea vizito.

— Basi afunge na injini kabisa, aende nalo Tanga!

Wakacheka. Tabia naye angependa kucheka. Tangu kamba ya boti imnase Feisal mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi, kule Mbegani, vidole viwili havikazi. Hata kifungo cha shati la mtoto hawezi kukifunga. Benchi zima linajua, na benchi zima, kwa kumstahi, huzungumzia chuma.

— Shemeji, Kocha akamwita, usihuzunike. Jamaa akirudi kwenye bendi, cherehani utapata nyingine.

— Inshallah, alijibu Tabia kwa sauti ndogo.

Ndipo akaja Wilbrodi, mpiga gitaa la kwaya, mgeni aliyehamia Zinga juzijuzi. Akasalimia, akapewa kahawa, akaelezwa yote, shaba na reli.

— Sasa, akauliza, ameshajaribu kupiga gitaa la mtu mwingine? Lenye daraja zima? Nalo likakoroma?

Transfoma akatazama ndani ya kikombe. Kocha akajikuna goti.

Tabia alijua jibu. Baada ya sikukuu ya Idi, Feisal aliazima gitaa jipya la Ashrafu, mwenzake wa bendi, akalipiga chumbani, mlango umefungwa. Nyuzi zikakoroma vilevile. Akalirudisha akisema nalo lina daraja bovu.

— Labda na hilo... akaanza Transfoma, kisha akaomba kahawa nyingine.

Jioni Feisal alirudi, uso umenawiri.

— Nimeliona daraja lenyewe, mke wangu. Linang'aa! Nikilifunga tu, narudi jukwaani.

— Baba Yunus...

— Naam?

Tabia akamtazama alivyokuwa akitabasamu.

— Chakula kiko tayari, akasema.

Asubuhi yake aliifuta cherehani, akaifunga kwenye kanga, akaitoa hadi mlangoni. Feisal akanyoosha mikono kuipokea. Mkono wa kushoto ukateleza, cherehani ikagonga kizingiti.

— Fundo nimelilegeza mno, alisema Tabia upesi, akajitwika mwenyewe mpaka kituo cha basi.