Leta Mgonjwa, Leta Daktari

Mshona mapazia alikuwa ametuma ujumbe nyumbani, “Wanangu, chumvi ipo?” na hakuna aliyejibu. Akaona heri ajiburudishe na watengeneza programu wawili waliokuwa wakibishana ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yake.

“Kaka, amri zako zote umeziita ‘leta’,” alisema dada mwenye kompyuta mapajani. “Nikisema leta mgonjwa, na kwenye kumbukumbu za hospitali hayumo, inakaa kimya. Nikisema leta daktari, naye hayumo, inapiga yowe mpaka programu nzima inasimama! Ndugu wa tumbo moja hao?”

“Basi zote zinyamaze. Kelele za nini?”

“Zote zipige yowe! Ikinyamaza, nitajuaje kama hayumo au haikumtafuta?”

“Dada, wewe unapenda vurugu tu.”

Walicheka mpaka machozi, lakini hakuna aliyelegeza kamba. Basi likawa linaingia kituoni simu ya mshona mapazia ilipolia, naye akaipokea kwa spika.

“Mamaaa! Chumvi hakunaaa!” Sauti ya binti yake mdogo ililijaza basi zima.

“Umeona?” dada akamwambia mwenzake.

“Nimeona dereva alivyoshtuka.”

Wakashuka wakiendelea kubishana. Mshona mapazia akashuka nyuma yao akicheka, akaenda moja kwa moja dukani.